Jino la mbele na magego mawili: je, implanti zitanifaa?

Swali: Jambo Dokta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Katuba, Lubumbashi, nina miaka 44. Mwaka jana nilianguka na pikipiki ya manseba (dereva wa teksi ya pikipiki), jino moja la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Nimelihifadhi mpaka leo. Chini upande wa kushoto niling'olewa magego mawili yaliyooza, sasa ni miaka sita. Mdogo wangu aliyeko Johannesburg ananiambia niweke implanti zote tatu nimalize. Jirani anasema sokoni kuna kijana anayebandika jino kwa dakika ishirini tu. Nina kisukari, nameza vidonge. Binti yangu anaolewa baada ya miezi miwili na sitaki kupigwa picha mkono ukiwa mdomoni. Implanti zitanifaa? Chuma hicho hakishiki kutu ndani, hakileti kansa? Na nifanyie hapa Lubumbashi au nivuke mpaka wa Kasumbalesa niende Zambia?

Jibu: Mama Mwalimu, jambo sana, na hongera kwa binti.

Nianze na tarehe, maana ndiyo inayokubana. Implanti haziwezi kuwa tayari kwa miezi miwili. Atakayekuahidi hivyo, huku una kisukari na pengo lililokaa mwaka mzima, muage kwa heshima utoke. Lakini pengo la mbele linaweza kuzibwa kabla ya harusi kwa njia nyingine, nafuu zaidi, na watakaoziona picha hawatajua. Nitafika huko. Kwanza tuelewane implanti ni kitu gani, kwa sababu naona mdogo wako amekupa ushauri bila maelezo.

Implanti yenyewe si jino. Ni mzizi wa bandia: skrubu ya titani, unene wake milimita 3.5 hadi 5, urefu mara nyingi kati ya milimita 8 na 13, inayopandwa ndani ya mfupa wa taya. Juu yake hufungwa kipande cha kuunganisha, na juu ya kipande hicho hukaa taji, yaani lile jino watu watakaloliona ukicheka. Vipande vitatu, na mara nyingi bili tatu. Ukitajiwa bei, uliza hapohapo ni bei ya kipi. Wapo waliolipia skrubu wakidhani wamelipia jino, wakabaki miaka miwili na chuma chini ya ufizi wakitafuta pesa za taji. Na kwa mshahara wa mwalimu tunajua wote kwamba hata moja ni pesa ya miezi mingi, kwa hiyo kila ninachosema hapa chini nakisema nikiwa na mfuko wako mawazoni.

Kutu ondoa wasiwasi. Titani ikikutana na hewa hujivika papo hapo ngozi nyembamba ya oksidi isiyoliwa na mate wala damu, na mfupa huikubali. Aliyeligundua hilo hakuwa anatafuta meno. Mwaka 1952, huko Lund nchini Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura, akitumia vifaa vidogo vya titani alivyovipachika mguuni mwa mnyama. Alipotaka kuvitoa ili avitumie tena, vilikataa kutoka: mfupa ulikuwa umeota ukavishika. Mwaka 1965, akiwa Gothenburg, alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya chini. Larsson alifariki mwaka 2006, implanti zake zikiwa bado zinafanya kazi. Zaidi ya miaka 40. Kuhusu kansa, titani imekaa ndani ya miili ya mamilioni ya watu, si mdomoni tu bali kwenye nyonga na mifupa iliyovunjika, na haijaonekana kuwa chanzo cha kansa. Hata ukiandikiwa kupigwa picha ya IRM (ile ya mashine ya sumaku) siku moja, utaingia kwenye mashine bila shida.

Kwa ujumla, zaidi ya implanti 9 kati ya 10 huwa bado zimesimama baada ya miaka 10. Ila hesabu hiyo ni ya watu waliochaguliwa vizuri na wanaorudi kuangaliwa. Kwako wewe maswali ni matatu: mfupa, sukari, na nani atakushughulikia baadaye.

Mfupa unaoshika meno huishi kwa sababu ya meno. Jino likitoka, huanza kubomoka kama nyumba iliyohamwa. Ndani ya miezi 12 baada ya kung'olewa, upana wake unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Mbele juu ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa ukuta wa nje wa mfupa pale, upande wa mdomo, mara nyingi haufiki hata milimita 1. Jaribu hivi: nawa mikono, weka kidole juu ya ufizi wa pengo lako la mbele, kisha kisogeze hadi juu ya mzizi wa jino la jirani. Ukihisi kibonde pale penye pengo na mwinuko kwenye jirani, umeugusa upungufu wenyewe. Implanti ya milimita 4 inahitaji mfupa wa upana wa milimita 6 au 7, na iache angalau milimita 1.5 kati yake na mzizi wa jino la kila upande. Mfupa usipofika hapo, itabidi uongezwe kwanza, kwa mfupa wako mwenyewe unaochukuliwa sehemu nyingine ya taya au kwa unga maalumu wa mfupa uliotengenezwa kiwandani. Hiyo ni miezi 4 hadi 6 zaidi, na bili nyingine.

Kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: jino moja la mbele ni kazi ngumu kuliko magego matatu ya nyuma. Gego likikaa nje kidogo, au ufizi wake ukishuka milimita moja, hakuna atakayeona. Mbele juu, milimita hiyo moja inaonekana kila unapocheka. Taji linaonekana refu kuliko mwenzake, au weusi wa chuma unajitokeza kwa mbali chini ya ufizi mwembamba. Daktari mzuri atakutazama ukicheka kabla ya kutazama picha. Mdomo wa juu ukifunika ufizi wakati wa kucheka, ana nafasi ya kupumua. Ukiwa mtu wa kucheka mpaka ufizi wote uonekane, atakuwa na kazi.

Nyuma chini, ambako daktari ataandika 36 na 37 kwenye karatasi yako (ni namba za yale magego mawili), tatizo ni lingine. Mfupa huwa mpana, lakini chini yake kuna mfereji wa neva inayopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Ncha ya implanti inatakiwa ikae angalau milimita 2 juu ya mfereji huo. Ikiugusa, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa miezi au moja kwa moja, mate yakitoka wewe hujui. Ndiyo sababu picha bapa ya taya nzima inatosha kwa kuanzia, lakini kabla ya kutoboa mtu apime kwa skana ya 3D inayoonyesha upana na kina. Kituo kisipokuwa na skana hiyo si kosa; kosa ni kutoboa bila kukutuma kunakopatikana.

Halafu miaka sita ni mingi. Gego la juu lililokuwa likigongana na lililong'olewa huenda limeshuka kutafuta mwenzake, na jino lililobaki nyuma ya pengo, kama lipo, huenda limelala kuelekea mbele. Funga meno yako mbele ya kioo, vuta shavu la kushoto kwa kidole, tazama. Kama gego la juu linakaribia kugusa ufizi wa chini, hakuna nafasi ya taji hata skrubu ingepandwa na fundi wa aina gani. Itabidi la juu likatwe kimo au lisukumwe juu kwanza.

Sasa sukari. Kisukari si kizuizi. Wenye kisukari kilichodhibitiwa hupata matokeo yanayokaribiana na ya watu wengine. Ambacho hakijadhibitiwa ndicho huchelewesha kidonda kupona na kufungulia uambukizo mlango. Usiniambie "asubuhi ilikuwa nzuri". Sukari ya asubuhi ni ya asubuhi. Ninachotaka kuona ni kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Ikiwa chini ya asilimia 7 ninafurahi; kati ya 7 na 8 tunajadiliana na daktari wako wa kisukari; juu ya 8 mimi siweki implanti, namtibu mtu ufizi na kumwomba arudi. Na ufizi wenyewe ukoje? Ukipiga mswaki, damu inatoka? Meno mengine yanacheza? Kisukari na ugonjwa wa fizi hulishana: kila mmoja humzidisha mwenzake. Bakteria walewale wanaolegeza meno yako huhamia kwenye implanti na kuula mfupa unaoizunguka, tena kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kusafishwa ukoga mgumu na kutibiwa fizi ni hatua ya kwanza, iwe utaweka implanti au hutaweka. Haigharimu sana na hakuna sababu ya kuisubirisha mpaka baada ya harusi.

Hujasema kama unavuta sigara. Kwa mwalimu wa Katuba nadhani hapana, lakini kama yupo anayesoma hapa na anavuta, ajue uwezekano wa implanti kukataa kwake huongezeka karibu mara mbili.

Watu wengi huogopa upasuaji wenyewe kupita kiasi. Kwa implanti moja, mfupa ukiwa mzuri, ni chini ya saa moja na ni ganzi ileile ya kung'olea jino. Ufizi unafunguliwa, mfupa unatobolewa kwa vichokoo vinavyofuatana, kuanzia chembamba cha milimita 2 hivi hadi kikubwa, maji baridi ya chumvi yakimiminika muda wote. Maji hayo si mapambo. Seli za mfupa hufa zikikaa kwenye joto la nyuzi 47 kwa dakika moja, na mfupa uliokufa haushiki titani. Vichokoo vilivyochakaa huchoma. Mashine isiyo na pampu ya maji huchoma. Na umeme ukikatika katikati ya kutoboa, na mji wetu tunaujua, lazima kuwe na betri au jenereta inayoshika hapohapo. Uliza kuhusu umeme bila aibu. Uliza pia kuonyeshwa kiboksi cha implanti kabla hakijafunguliwa: inakuja imefungwa, imeuliwa vijidudu tangu kiwandani, na ndani kuna vibandiko vyenye jina la kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Kibandiko kimoja kinabaki kwenye faili, kimoja ni chako. Implanti inayotolewa kwenye kikombe cha chuma bila boksi, usikubali iingie mdomoni mwako.

Baada ya hapo uso huvimba siku mbili tatu, unakula laini: uji, bukari laini na mchuzi, mayai, ndizi mbivu. Kokoto za barafu kwenye kitambaa, shavuni, siku ya kwanza. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Kisha ni kungoja, maana mfupa hauharakishwi: taya la chini karibu miezi 3, la juu 4 hadi 6. Ndipo kipimo cha taji kinachukuliwa. Sasa unaona kwa nini nilikataa tarehe yako.

Je, uweke tatu? Mimi nasema hapana, na hapa mdogo wako asinichukie.

Mwaka 1981 mtafiti Mholanzi Arnd Käyser wa Nijmegen alionyesha kwamba mtu anaweza kutafuna na kuishi vizuri bila magego yote, mradi meno ya mbele yapo na magego madogo ya kila upande yanagongana. Jambo hilo lilipimwa baadaye Tanzania pia, kwa watu wanaokula kama sisi, na walioonekana kusumbuka kweli ni wale waliobakiwa na jozi chache sana za meno ya nyuma. Wewe upande wa kulia una magego yote. Kushoto una magego madogo mawili, nadhani. Umekula sombe, nyama na mahindi ya kuchoma miaka sita, na katika barua yako hukulalamika hata mstari mmoja kuhusu kutafuna. Umelalamikia picha. Basi pesa ianzie mbele.

Kama kweli unataka kitu nyuma, kuna meno ya kuvaa na kuvua yenye fremu ya kromu-kobalti: nyembamba, imara, inashikilia meno mengine kwa vikucha. (Kobalti huwa zaidi ya nusu ya madini hayo. Inaondoka kwetu kwa malori na kurudi kama meno ya wazee wa mjini.) Lakini kasoro yake kwako ni kwamba, ikiwa nyuma ya pengo hakuna jino, mwisho wake utaelea juu ya ufizi na kucheza kila unapotafuna. Wengi huishia kuiweka kabatini. Ndiyo maana siku utakapokuwa na uwezo, implanti moja mahali pa 36 itakufaa kuliko fremu, na kuliko implanti mbili. Hilo la 37 liache.

Ukiipata, ujue pia tofauti hii. Jino la asili linaning'inia kwenye nyuzi zenye hisia kali mno. Ndizo zinazokufanya uache kuuma ghafla unapokuta kijiwe ndani ya maharage. Implanti imeshikana na mfupa moja kwa moja, haina nyuzi hizo. Kijiwe utakihisi umechelewa, na porselini ya taji inaweza kupasuka. Maharage yachambuliwe vizuri zaidi, na asiyeweza kuacha kufungua chupa kwa meno asijisumbue kuweka.

Tuje kwenye pengo la mbele, na kwanza kwa kijana wa sokoni. Anachofanya ni hiki: anachukua unga wa plastiki na maji yake, anachanganya, anauminya kati ya meno mawili na kuuzungushia shingo za meno hayo huku bado ni laini, anachonga umbo. Ukiganda unatoa joto na maji yake huunguza ufizi. Haubanduki, hausafishiki, chini yake chakula kinaoza, na baada ya mwaka mmoja au miwili meno mawili mazima yaliyoshikilia lile la bandia yanaanza kucheza. Unaingia na pengo moja, unatoka na matatu. Kwa mwenye sukari, hata mapema zaidi.

Unachoweza kupata kwa daktari kabla ya harusi ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni jino la kuvaa na kuvua lenye kibao chembamba cha plastiki kwenye paa la mdomo. Ni nafuu, linatengenezwa kwa siku chache, na siku mbili za mwanzo utasema "s" kwa shida, jambo ambalo darasani litawafurahisha watoto. Jizoeze kusoma kwa sauti nyumbani. Usiku linavuliwa na kulowekwa kwenye maji.

Cha pili ndicho ningekuchagulia, kama meno mawili ya jirani ni mazima na hugongi meno kwa nguvu usingizini: daraja la kugundishwa, ambalo madaktari huliita la Maryland. Ni jino moja lenye bawa dogo linalogundishwa kwa nyuma ya jino la jirani, kwa gundi ya meno, bila kulichonga hilo jirani au kwa kulichonga kidogo sana. Hakuna sindano, hakuna damu, sukari yako haina la kusema. Vikao viwili au vitatu. Madaraja haya yaliyotengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Likibanduka, hubanduka zima, hugundishwa tena. Kuna wagonjwa waliokuja kuliweka kwa muda "mpaka implanti" na implanti wakaisahau. Sikukatazi na wewe kuisahau. Usikubali tu daraja la zamani, lile linalohitaji kuchonga meno mawili mazima pande zote mpaka yabaki vijiti, labda meno hayo yawe tayari yameoza au yana majazo makubwa.

Na jino lako ulilolitunza? Kulirudisha mahali pake haiwezekani tena. Jino lililotoka zima hurudishwa ndani ya saa moja, likiwa limewekwa kwenye maziwa au ndani ya shavu lenyewe, halafu mbio kwa daktari. Waambie manseba na walimu wenzako, kwa sababu watoto wa shule huanguka kila wiki. Ila usilitupe. Ikiwa halijavunjika wala kuwa na nyufa, daktari anaweza kukata mzizi, kuziba chini, na kuligundisha taji lako mwenyewe kwenye meno ya jirani kwa uzi wa nyuzi za glasi na rojo ya kuzibia meno. Rangi inakuwa ya kwako halisi. Jino lililokauka mwaka mzima hupauka na kuwa rahisi kuvunjika, kwa hiyo sitoi ahadi, lakini ni jambo la kujaribu kwa gharama ndogo sana na picha za harusi zitapigwa.

Kuvuka Kasumbalesa. Mpaka uko kilomita 90 hivi kutoka hapa, na naelewa kwa nini watu huenda Ndola, Lusaka au mbali zaidi mpaka India; wengine hupata kazi nzuri sana. Nakuomba tu uhesabu safari zote, si ile ya upasuaji pekee. Kuangaliwa na kupigwa skana, kupandikizwa, kutolewa nyuzi, kupimwa taji, kufungwa taji: ni vikao 5 kama kila kitu kimeenda sawa. Weka nauli, hati za kusafiria, malazi na siku ulizokosekana darasani.

Kisha hesabu lile watu wasilolifikiria. Ndani ya implanti kuna skrubu ndogo, unene wake kama milimita 2, inayofunga kipande cha juu. Inaweza kulegea. Kuikaza ni kazi ya dakika kumi kwa mwenye ufunguo unaolingana, na kila kampuni ina ufunguo wake na umbo lake la ndani. Nimewapokea watu wenye taji linalocheza, waliofanyiwa kazi nje, hawana karatasi yoyote, na mimi nabaki kutazama picha ya radio (eksirei) nikikisia skrubu ile ni ya kampuni gani kati ya mamia yaliyopo duniani. Ufunguo usipoingia sawasawa unaharibu kichwa cha skrubu, na hapo jambo la dakika kumi linageuka upasuaji. Popote utakapofanyia, omba mambo mawili: ile kadi yenye kibandiko cha implanti, na taji linalofungwa kwa skrubu badala ya kugundishwa kwa saruji. La skrubu linafunguka likihitaji matengenezo. La saruji lina hatari ya masalia kubaki chini ya ufizi na kuuchochea uvimbe mpaka mfupa uliwe. Kabla ya kuchagua kampuni, uliza daktari wa hapa Lubumbashi ana funguo za kampuni gani, ndipo umwambie huyo wa kule. Kama wa kule atakasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu lake.

Utunzaji wake si mgumu ila hauna likizo: mswaki mara mbili kwa siku, kiburashi chembamba au uzi wa meno kuzunguka shingo ya taji kila jioni, kuangaliwa kila miezi 6, picha ya radio kila mwaka mwanzoni. Kupungua kwa mfupa kwa milimita 1 hadi 1.5 mwaka wa kwanza tunakuvumilia. Baada ya hapo kusizidi milimita 0.2 kwa mwaka. Implanti haioti tundu, lakini ufizi wake ukianza kutoa damu au usaha, usingoje maumivu. Mara nyingi hayaji mpaka imeanza kucheza, na ikicheza imekwisha, itatolewa.

Basi wiki hii, kabla ya yote, nenda maabara upimwe HbA1c. Majibu yakitoka, panga kikao cha kwanza kwa daktari wa meno: kusafishwa, kuangaliwa fizi, picha bapa ya taya, na kipimo cha jino la harusi. Beba daftari la sukari, vidonge vyote unavyomeza vikiwa kwenye paketi zake (hasa kama uliwahi kupewa dawa za mifupa au za kupunguza kuganda kwa damu), na lile jino, kwenye kikopo chenye maji safi. Chukua nafasi ya asubuhi. Kunywa chai, kula mkate, meza dawa zako kama kawaida ndipo uje; wenye kisukari wanaofika na njaa kwa kuogopa sindano ya ganzi ndio wanaotuangukia kwenye kiti.